Jiwe la Dranya na Orodha ya Dalili

Miongozo ya kutenganisha zana za mawe za kale na zile zilizochongwa leo huanza na jiwe lenyewe: lishike, ligeuze, tazama rangi ya uso wake, papasa makali. Likiwa na utando na makali yaliyolika, ni la kale. Likiwa bichi, limechongwa juzi. Hoja yangu ni kwamba kanuni hii haitufai Dranya, na hata kwingine inaanzia mahali pabaya.

Kanuni hii imetoka kwenye gumegume la Ulaya. Gumegume hubadilika rangi likikaa ardhini, kwa hiyo pigo jipya huonekana wazi juu ya uso wa zamani. Sisi Koboko tunaokota kwatzi nyeupe, ile inayong'aa shambani baada ya mvua. Kwatzi haibadiliki uso kirahisi, na ikipigwa hupasuka ovyo kwa kufuata nyufa zake, mara nyingi bila kile kivimbe na mawimbi yanayochorwa vitabuni. Kipande kilichochongwa maelfu ya miaka iliyopita na kilichopasuliwa na jembe msimu uliopita vinaweza kulala pamoja, vyote vikiwa na makali ya kukata kidole. Tunaambiwa pia tutafute alama za nyundo ya chuma. Jembe nalo ni chuma.

Tena gumegume lenyewe limewahi kuwaponza wajuzi. Katika karne ya 19 Mwingereza Edward Simpson, maarufu kama Flint Jack, alichonga zana bandia akawauzia wakusanyaji, na nyingine zikaingia makumbusho.

Kosa lililotokea Uganda linanisumbua zaidi, kwa sababu hakuna aliyekusudia kudanganya. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliona kokoto zilizovunjika katika bonde la mto Kafu, akazihesabu kuwa zana za kale mno, na "utamaduni wa Kafu" ukaingia vitabuni kwa miongo kadhaa. Mwaka 1959 W. W. Bishop alionyesha kuwa kokoto zile zilivunjwa na maumbile. Hazikuwa bandia, hazikuwa zana tu. Bishop hakuridhika kuzitazama mkononi, alirudi kwenye tabaka za mto zilizozibeba.

Ndiyo maana nawasifu Louis na Mary Leakey kwa jambo moja: pale Olorgesailie, Kenya, waliacha shoka nyingi za mawe zilale zilipokutwa, na mgeni huzitazama kutoka juu ya daraja la mbao. Ardhi iliyozishika inasema kile ambacho makali hayawezi kusema.

Mimi ninalo jiwe moja mezani, kwatzi iliyochongoka pande mbili, niliyoiokota mtaroni Dranya nikiwa shule ya msingi. Wenzangu huniuliza ni la lini. Mtaro ulikwisha kufukiwa walipopanua barabara, na jiwe nililiosha kwa sabuni na brashi siku ileile.