Tambo Namba 17

Mwaka 2015, nikiwa na miaka 16, nilitunga tambo ya mistari minne kwenye uwanja wa shule moja ya msingi mjini Musoma. Ilikuwa mechi ya ndondo, zawadi ya bingwa mbuzi. Winga wetu wa kushoto alikuwa amepaisha penalti, mpira ukaenda kuangukia kwenye miembe. Mimi sikuwahi kuwa na mguu wa maana, ila nilikuwa na mdomo, kwa hiyo ndiye niliyeongoza nyimbo za upande wetu. Nikageuza wimbo. Badala ya kuwaimba wapinzani nikamwimba yeye. Mistari mitatu ya kwanza ilihusu penalti. Wa nne uliishia na neno "shoga".

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Naye alicheka, cheko la mtu ambaye hana pa kwenda.

Sijui kama winga yule alipenda wanaume au wanawake. Sikujua siku ile, sijui leo, na haikuwa kazi yangu kujua. Nilichokijua ni kwamba alikuwa na sauti nyembamba, alifua soksi zake kila baada ya mazoezi, na aliwapita mabeki wa mtaa mzima kwa chenga. Mechi iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Tukaambiwa ameacha mpira, tukatafuta winga mwingine.

Leo ninaandika tasnifu ya umahiri kuhusu tambo za mashabiki wa mpira mkoani Mara. Nimekaa kwenye vibanda umiza vya Musoma, Bunda na Butiama, nikalipa kiingilio kama wenzangu, daftari likiwa pajani. Watu huniuliza kwa nini msomi mzima anahangaika na matusi. Huwajibu kwamba tambo ni utanzu: ina fanani, ina hadhira, ina mwito na mwitikio, ina fomula zinazorudiwa. Kama majigambo ya kale yanastahili kuhakikiwa, basi na kinachosemwa kwenye benchi la nyuma wakati Arsenal inachapwa kinastahili.

Tuanze na sitiari kuu. Kwenye tambo zetu, kushinda ni kuoa na kufungwa ni kuolewa. Yanga walipoifunga Simba 5–1 mnamo Novemba 5, 2023, mtu wa Simba hapa Musoma hakuambiwa tu kwamba amefungwa. Aliambiwa mahari imeshalipwa. Aliulizwa kama ameshapika. Aliletewa khanga. Nilicheka na mimi, maana utani wa jadi usio na chumvi hauna ladha. Lakini uandike utani huo kwenye daftari, uusome kesho yake asubuhi. Anayedhalilishwa hasa ni nani? Ni mke. Mwanaume wa Simba anaumia kwa sababu amewekwa kwenye nafasi ya mwanamke, na sisi sote, wakiwamo waliolelewa na mama peke yake, tumekubaliana bila kikao kwamba nafasi hiyo ni ya aibu.

Neno "shoga" linaingia hapo hapo. Na lilikuwa neno zuri. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Wanawake huitana hivyo kwa mapenzi. Sisi tumechukua neno la upendo wa wanawake tukamtupia winga.

Ndiyo maana tusi hili halimhitaji mchezaji shoga ili lifanye kazi. Hutupiwa anayejiangusha kwenye eneo la hatari, aliyesuka nywele, aliyevaa glovu siku ya baridi, na refa. Kwenye ligi yetu hutamwona mchezaji akisimama kujitangaza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu tendo hilo kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Lakini kila wikendi tusi linaimbwa. Ukiuliza mashabiki wa hapa wana msimamo gani kuhusu wachezaji mashoga, unauliza juu ya mtu ambaye hawajamwona uwanjani. Tambo zao zinakujibu juu ya watu wengine: juu ya wao wenyewe, na hofu ya kila mmoja kwamba zamu yake itafika.

Wengine wameliona hilo kwa macho. Justin Fashanu alizaliwa London mwaka 1961, baba yake Mnigeria. Mwaka 1981 Nottingham Forest walimnunua kutoka Norwich City kwa pauni milioni 1, akawa mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kufikia bei hiyo. Oktoba 1990 alitangaza gazetini kwamba ni shoga. Mdogo wake, John, mchezaji wa Wimbledon, alimkana hadharani. Miaka mingi baadaye alisema anajutia. Justin alijiua Mei 1998, akiwa na miaka 37. Baada ya tangazo lake, Uingereza ilikaa miaka 32 bila mchezaji mwingine wa kulipwa wa kiume kujitangaza akiwa bado anacheza, mpaka kijana wa Blackpool aitwaye Jake Daniels alipofanya hivyo Mei 2022.

Fashanu alizomewa kwa mambo mawili, rangi yake na mapenzi yake. Hapa ndipo vibanda vyetu vinaponishinda. Mei 2023, Vinícius Júnior alipotukanwa nyani kwenye uwanja wa Valencia, video ilizunguka kwenye simu Musoma nzima. Niliwaona wanaume wakubwa wakikasirika kweli, hata wa Barcelona ambao humzomea Vinícius wiki nzima. Mmoja aliniambia, "Mdogo wangu, pale wametutukana sisi." Alikuwa sahihi. Alielewa kwamba uwanja mzima ukimwimba mtu mmoja kwa alivyozaliwa, huo si utani tena. Kipindi cha pili cha mechi nyingine, jioni ile ile, alimwita beki mmoja shoga kwa kukosa kichwa.

Sitaki kumcheka. Na mimi ndivyo nilivyokuwa.

Nilipofika Bunda kwa utafiti nilidhani nimeiacha tambo yangu Musoma. Bunda ni mji wa njia; mabasi ya Mwanza yanapita hapo, wa Ukerewe wanakatia hapo, na maneno nayo yanashuka na kupanda magari. Ni mji pia wa Bunda Queens, timu ya wanawake iliyopanda hadi Ligi Kuu, kwa hiyo nilitegemea kusikia tambo za namna nyingine. Jioni moja nilikwenda kutazama mabinti wakicheza kirafiki kwenye uwanja wa vumbi. Kulikuwa na kiungo mmoja mrefu, nywele fupi, mwenye mwili wa mazoezi. Vijana pembeni wakaanza kuulizana kwa sauti kama huyo ni mwanamke kweli. Swali hilo limewahi kuulizwa mpaka Ikulu: Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapokea vijana wa timu ya taifa ya chini ya miaka 23, alisema baadhi ya wachezaji wa kike wana vifua bapa hata unaweza kudhani ni wanaume, na mjadala ukawaka nchi nzima. Mwanaume uwanjani anatukanwa kwa kufanana na mwanamke, mwanamke kwa kufanana na mwanaume.

Kisha kijana mmoja, hata miaka 18 sidhani kama anayo, akaanzisha wimbo juu ya yule kiungo. Mistari minne. Wamebadilisha "penalti" wakaweka "kona", na neno la mwisho wakaweka la kike. Mapigo ni yale yale, mwitikio ni ule ule. Nikamuuliza ameutoa wapi. "Huu wa zamani, kaka," akasema. "Tumeukuta."

Tunafundishwa kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii, haina mwandishi mmoja. Darasani sentensi hiyo huwa nzuri. Kando ya uwanja ule wa vumbi niliiona ilivyo maficho. Kila anayeimba ameikuta. Hakuna aliyeitunga.

Butiama nilifika mwanzoni mwa Desemba 2024, kwa bodaboda kutoka Makutano, wiki ambayo Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imewavalisha manahodha vitambaa vya rangi za upinde wa mvua. Marc Guéhi wa Crystal Palace, mzaliwa wa Abidjan na mtoto wa mchungaji, aliandika juu ya kitambaa chake kwamba anampenda Yesu. Sam Morsy wa Ipswich, ambaye ni Mwislamu, alikataa kukivaa. Kibandani wote wawili walishangiliwa, Wakristo na Waislamu kwa pamoja, jambo ambalo si la kila siku. Sina ugomvi na imani ya Guéhi. Alikivaa kitambaa, akaweka na la kwake. Kilichonivutia ni yaliyofuata.

Mzee mmoja, shabiki wa Manchester United, akasema polepole, "Mimi nauliza tu. Akija mmoja wao akatufungia magoli 30, mtamkataa?" Kimya. Kisha akajijibu mwenyewe: "Mimi siwezi kumuuliza analala na nani. Nitamuuliza kwa nini hajafunga 31."

Kabla hajamaliza, sauti ikatoka nyuma: "Wewe mzee, na wewe tutakuchunguza!" Banda likalipuka kwa kicheko. Mzee akatabasamu, akavuta kofia mbele, na hakusema neno tena mpaka mpira ulipoisha.

Nimeandika dakika ile mara nyingi kwenye daftari. Mpaka pale nilikuwa naamini tambo zetu zinatoa maoni ya mashabiki. Butiama nilielewa kwamba zinayazuia. Mle ndani palikuwa na angalau mtu mmoja mwenye maoni mengine, labda na wengine watatu waliomsikiliza wakitikisa kichwa. Kicheko kiliwafunga midomo kwa sekunde moja. Mchezaji shoga asiyekuwapo ametumika kumnyamazisha mzee aliyekuwapo.

Mwingine akasema la kumalizia: si utamaduni wetu. Nikakumbuka kwamba katika mkoa huu huu Wakurya wana nyumba ntobhu, ndoa ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili mji wake upate mrithi. Haihusu mapenzi ya wanawake wawili, na atakayesema ni kitu kimoja na haya tunayoyajadili anapotosha. Nilikumbuka tu kwamba utamaduni wetu umewahi kukaa chini, ukafikiri, ukamtafutia kila mtu mahali. Haukuishia kwenye kucheka.

Asubuhi yake nilikwenda Mwitongo, lilipo kaburi la Mwalimu Nyerere. Wanafunzi wa fasihi tunamjua pia kama mfasiri; mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare aliyoiita *Mabepari wa Venisi*. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaweka wingi. Wahakiki wameshalisema hilo kwa sababu za siasa ya wakati ule, lakini mimi, nikiwa na daftari langu la matusi, nilisoma jambo jingine. Katika tamthilia ile mtu mmoja, Myahudi, anachekwa mahakamani na mji mzima, na hadhira inaalikwa kucheka naye akiwa pale. Kwa herufi chache tu za wingi, jicho linaweza kutoka kwa anayechekwa likaenda kwa wanaocheka.

Ningependa kusema kwamba mchezaji akijitangaza huivunja sitiari, kwa sababu neno alilolisema mwenyewe huwezi tena kumtishia nalo. Ningependa, ila Josh Cavallo wa Adelaide United alijitangaza Oktoba 2021 na Januari 2022 alitukanwa uwanjani na mashabiki wa Melbourne Victory, kwenye nchi ambayo sheria yake inamlinda. Ujasiri wa mtu mmoja hautoshi. Jukwaa lina kazi yake lenyewe, na haiwezi kufanywa na winga.

Nilimkuta winga wetu mwezi Februari, mwaloni Mwigobero, akipakia magunia ya dagaa. Amenenepa. Ana sauti ile ile. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mama, akaniuliza nasoma nini siku hizi. Nikamwambia fasihi.

"Bado unatunga?"

Nikasema hapana. Nikataka kusema na mengine, nilikuwa nimeyapanga tangu Bunda. Lakini gunia lilikuwa begani mwake na mwenye mali alikuwa akiita. Nikasema, "Ile ya penalti, ndugu yangu, nilikosea sana." Akaniangalia kidogo. Akasema, "Penalti nilikosa mimi," akaondoka na gunia lake.

Mwisho wa tasnifu yangu kuna jedwali la tambo nilizokusanya. Kila moja ina namba, mahali iliposikika, tarehe, na jina la fanani. Kwenye safu ya mwisho, karibu kote nimeandika "hajulikani", kama ilivyo desturi. Tambo namba 17 ilisikika Bunda. Neno la mwisho nimelifuta na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa. Kwenye safu ya fanani nimeandika jina langu, na msimamizi wangu ameniuliza mara mbili kama nina uhakika.