Mfumo wa Burton Union Haukustahili Kuzimwa

Januari 2024 Carlsberg Marston's walitangaza kwamba wanaustaafisha mfumo wa Burton Union pale Burton upon Trent, Uingereza. Uamuzi mbovu, na sitauzungukazunguka. Sababu waliyoitoa ni kushuka kwa soko la bia ya pipa (cask), ile inayomalizia kuchacha pipani kwenye baa. Limeshuka, kweli. Lakini soko likishuka unang'ang'ania kile ambacho mshindani wako hana.

Tutazame walichokizima. Bia inayochacha huingizwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyopangwa safu na kuunganishwa kwa mabomba. Hamira ikichachamaa, povu hupanda kwenye bomba lililopinda na kumwagikia hori la juu. Hamira hubaki horini, bia huteremka tena pipani. Hupanda, huteremka, siku baada ya siku, na hamira inayokusanywa kwa upishi unaofuata ni ile yenye nguvu ya kupanda. Peter Walker alipata hataza ya mpango huo mwaka 1838. Tangi la chuma nalo huchachusha, hakuna anayebisha, ila hamira iliyolelewa hivyo vizazi kwa vizazi sioni itabakije na tabia yake humo.

Bass, nao watengenezaji bia wa Burton, walikwisha kufanya kosa hilihili mapema miaka ya 1980. Marston's wa enzi hizo waliona jirani yao anavunja, wao wakaendelea kulipa mafundi wa mapipa. Wale walikuwa watengenezaji bia!

Na soko, nimeandika mara nyingi, linauawa kwenye stoo ya chini ya baa. Pipa likishatobolewa, kigingi laini huiachia bia ipumue, kisha kigumu huizuia isipoteze gesi yote. Joto liwe nyuzi 11 hadi 13, na bia iishe ndani ya siku tatu hivi. Baa ngapi zinafuata? Pipa linakaa wiki, mnywaji anauziwa siki, halafu takwimu zinapelekwa makao makuu kuwa ushahidi kwamba watu hawaitaki. CAMRA, kampeni ya wanywaji wanaotetea bia ya pipa, waliundwa mwaka 1971 kupigana na fikra hizi hizi, zama za bia ya kegi kama Watney's Red Barrel.

Watengenezaji bia Thornbridge wa Bakewell wameokoa seti moja ya mfumo huo wa Burton na kuipikia bia yao ya Jaipur, kazi safi.

Carlsberg Marston's wenyewe hawakuishia kwenye kuzima mfumo. Novemba 2024 wakafuta bia 11, Banks's Mild ikiwamo, na hoja ikawa ileile ya soko.