Neno Safi na Neno Hifadhi: Lugha ya Utetezi wa Mazingira Huko Burat

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuzipima tenzi, riwaya na tamthilia, na ni mara chache wamejishughulisha na matini yasiyotungwa kwa nia ya kuwa fasihi: tangazo la chifu, bango la kampeni, hotuba ya afisa wa misitu chini ya mgunga. Hata hivyo, ni katika matini ya namna hiyo Kiswahili kinapobebeshwa mzigo mzito kuliko yote, kwani msikilizaji hatakiwi kuburudika tu bali kukubali, kuacha, au kutia sahihi. Makala haya yanaichunguza lugha inayotumiwa kutetea nishati safi na uhifadhi wa mazingira, na mfano wake ni Burat, wadi iliyo karibu na mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Burat inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ya hali yake ya lugha. Hapo wamo Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wasomali na Wameru. Wengine ni wafugaji, wengine wanalima mashamba madogo yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Isiolo. Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi, lakini ndicho kinachowakutanisha katika baraza moja. Kwa hiyo neno la Kiswahili likitamkwa pale hupita kwanza katika lugha nne au tano kabla halijatua. Mtetezi asiyelijua hilo hudhani amesema jambo moja, kumbe amesema matano.

Tofauti iliyo dhahiri zaidi ndiyo isiyo na madhara makubwa. Serikali ya Kenya ina Wizara ya Kawi, ile ya Tanzania ina Wizara ya Nishati, na maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu: la kwanza linaelekea kwenye nguvu, la pili kwenye uchangamfu. Mitaani husemwa sola, stima, gesi, na mambo yakaeleweka. Wanaistilahi wakitaka kuendelea kubishana juu ya kawi na nishati, na waendelee. Hakuna atakayepoteza malisho yake kwa sababu hiyo.

Shida inaanza kwenye kivumishi. Neno safi lina mizizi ya zamani jikoni, na huko lina kipimo chake. Mama anayenunua makaa badala ya kuokota kuni hufanya hivyo, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa makaa ni safi: hayatoi moshi mwingi, hayampaki sufuria masizi, hayamtoi mpishi machozi. Kwa kipimo chake, aliyetoka kwenye kuni akaingia kwenye makaa amekwisha kupanda ngazi ya usafi. Anapokuja mtetezi na kusema kwamba makaa si nishati safi, amebadilisha maana ya neno bila kumwarifu mwenye neno. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na mti uliokatwa ili kuyachoma uko mbali na jiko. Uchafu usioonekana, usionuka na usio karibu hauwezi kuingizwa katika safi ya kawaida kwa amri tu. Unahitaji maelezo, na maelezo ndiyo ambayo kaulimbiu huyakwepa.

Tena kuna jambo ambalo tafsiri kutoka Kiingereza haiwezi kulikisia. Katika nyumba za wafugaji wa kaskazini, Wasamburu na Waborana wakiwamo, chombo cha maziwa husafishwa kwa moto: kijinga cha mti maalumu, kama mzeituni mwitu, huingizwa ndani ya kibuyu na kukifukiza, na moshi huo huyapa maziwa ladha na kuyasaidia yasiharibike upesi. Katika matumizi hayo moshi ni chombo cha usafi. Mwenye kuhubiri kwamba moshi ni uchafu, bila kutenganisha moshi wa kibuyu na ule unaokaa katika mapafu ya mtoto, hujikanusha mbele ya wasikilizaji wake kabla hajafika sentensi ya pili. Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Ukweli wa uzito huo haustahili kusemwa kwa kivumishi kilichoazimwa.

Kwa upande huu Tanzania imefanya vizuri kidogo. Mkakati wake wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024, ambao unalenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, hausemi nishati safi tu bali nishati safi ya kupikia. Nyongeza hiyo ya maneno mawili inalirudisha neno kwenye meko. Kadhalika, kazi bora kuliko zote katika uwanja huu ilifanywa Kenya miaka ya mwanzo ya 1980, wakati mafundi wa jua kali walipoanza kutengeneza jiko la bati lenye kifuko cha udongo uliochomwa ndani yake. Hakuna aliyelibandika jina la kigeni. Liliitwa jiko, na jina hilo likasafiri hata katika maandishi ya Kiingereza. Kifaa kilieleweka kwa kuwa kilijiunga na ukoo wa vifaa vilivyokuwapo.

Huko nyuma, Tanzania ilikwisha kujaribu kuziunda kaulimbiu kutoka ndani ya lugha yenyewe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, na ile ya Misitu ni Mali iliyofuata mwaka 1980, zote zilitumia muundo mmoja wa nomino mbili zilizofungwa kwa ni, muundo ambao masikio ya Mswahili yanaujua kutokana na methali. Uzuri wake ni kwamba unaacha kazi kwa msikilizaji: mtu anakuwaje afya? Vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana viliundwa ili swali hilo lijibiwe na wananchi wenyewe. Walakini Misitu ni Mali ingepelekwa Burat, ingepata mushkeli. Kwa mfugaji, mali kwanza ni mifugo. Na mali huuzwa shida inapofika. Anayechoma makaa wakati wa ukame baada ya kufiwa na mbuzi wake anatii kaulimbiu hiyo neno kwa neno.

Neno hifadhi lina historia ya kusikitisha zaidi. Katika matumizi ya kidini, ambayo Waborana na Wasomali wa Isiolo wanayajua barabara, kuhifadhi Kurani ni kuiweka moyoni. Mwenye kuhifadhi na kinachohifadhiwa hukaa pamoja, na kimoja hakiendi bila kingine. Mungu akikuhifadhi, hakuhamishi. Katika lugha ya utawala maana imepinduka: hifadhi ni mahali ambapo mlinzi ana bunduki na mchungaji ana makosa. Kukazuka na mgongano mwingine. Hifadhi ya jamii, ambayo kwa Mtanzania ni mafao ya uzeeni na ya ugonjwa, kaskazini mwa Kenya ni eneo la ardhi lililotengwa kwa ajili ya wanyamapori na malisho chini ya kamati. Msomaji mwenye magazeti mawili mkononi atastaajabu kwamba jamii moja inalipwa pensheni na nyingine inapangiwa mahali pa kulishia, na zote mbili zinahifadhiwa.

Hapa ndipo uhakiki wa msamiati unapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano wao, na marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaitengea jamii fungu la mapato ya miradi ya kaboni. Idhini hutolewa kwa maneno. Katika kaunti hiyo hiyo ya Isiolo, mbali kidogo na Burat, huko Merti, wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2021, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa bila wananchi kushirikishwa kama Katiba inavyotaka. Hifadhi ya Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi wa kuuza kaboni ya udongo. Na kaboni hiyo inaitwaje? Magazeti husema hewa ukaa. Istilahi hiyo imeundwa kwa ustadi, kwa maana imelifufua neno la makaa. Lakini biashara ya hewa ukaa humfanya msikilizaji aamini kwamba kinachouzwa ni hewa, ilhali kinachofungwa na mkataba ni namna ya kuchunga: lini, wapi, na ng'ombe wangapi. Hewa haina mipaka wala mwenyewe, hivyo kuiuza hakuonekani kumpunguzia mtu kitu. Istilahi sahihi ingelitaja malisho waziwazi.

Maneno ya kusaidia yapo, ila hayatafutwi. Waborana wana dedha, eneo la malisho pamoja na wazee wanaoamua nani aingie majira gani. Wanaye pia aba herega, msimamizi wa zamu za maji kisimani. Waturkana wana ekwar, sehemu ya miti ya kando ya mto ambayo familia huimiliki, huitumia na kuilinda. Kila moja kati ya hayo linachanganya kutumia na kutunza katika dhana moja, jambo ambalo hifadhi ya kiserikali imeshindwa kulifanya. Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa, na sauti za maneno hayo hazimtatizi msemaji. Mpaka sasa yanakaa katika taarifa za watafiti, yakiwa yamechapwa kwa herufi za mlazo kama wageni, ilhali konsavansi limekwisha kuingia katika vinywa vya wachungaji wenyewe.