Mwanaume kwenye teatre yetu: fimbo bila machozi

Usiku wa tarehe 16 kuingia 17 aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilijaa na kubomoa nyumba nyingi. Watu kwa makumi walikufa. Sisi wa Kasenga hatuwezi kusahau.

Kisha nilitayarisha na wanafunzi wangu mchezo juu ya habari hiyo. Kijana mmoja alipewa nafasi ya baba anayerudi na kukuta nyumba imeenda na maji. Nikamwomba akae chini, alie. Akakataa: «Mwalimu, mwanaume halii. Batu batanicheka.» Siku ya kucheza, alimgombeza «mke» wake na kupiga fimbo chini. Watu walicheka, makofi mengi. Lakini baba aliyepoteza nyumba, hatukumuona.

Huo njo ugonjwa wa teatre yetu. Mwanaume anaonekana kwa namna tatu tu: mlevi, askari, ama papa mwenye fimbo. Wote wanapiga kelele.

Wengine watasema ni mila. Kweli, kwenye kilio wanaume wanakaa inje karibu na moto, wamama wanalia ndani. Lakini aliyekesha pale anajua: iko mzee anayeshusha kofia usoni, na hakuna anayemuuliza kitu. Mila imemwachia nafasi yake. Teatre imemnyima.

Sababu ni gani? Tuangalie Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, ambaye jina lake ni Odilon Kyembe Kaswili, lilicheza kwa Kiswahili cha kule. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, walitayarisha «Le pouvoir se mange entier», mchezo juu ya utawala, ukapigwa picha za televisheni kijijini Kawama. Wachezaji hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walipatana njia ya hadithi, kisha kila mmoja akajitafutia maneno yake. Walikuwa watu wazima, wenye kuzoea kuchekwa na wenye mengi ya kusema.

Sisi pia tunacheza bila kuandika. Lakini kijana wa miaka 17 atatoa maneno wapi? Anatoa yale aliyosikia nyumbani. Kama papa hasemi huzuni yake mbele ya watoto, mtoto atakuwa na ugomvi tu mudomoni. Kosa lilikuwa langu: nilimwomba machozi, sikumpa maneno.

Mara ya pili niliwatuma wote wakaulize baba zao: usiku ule ulifanya nini? Mmoja alirudi na jibu hili: «Papa alisema: nilitafuta ufunguo mufukoni, lakini mulango haukuwa tena.» Tukaliweka kwenye mchezo. Kijana alisimama, akatoa ufunguo, akautazama. Hakulia. Hakuna aliyecheka, na wanaume wawili walitoka inje.

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kugawa nafasi, tuwatume watoto wakaulize nyumbani kwanza. Fimbo wanaijua tayari.