Fundi Anayejua Kuacha Kusuka

Kusuka pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa la umeme, ni kazi ya waya mwembamba kama unywele. Waya wa namba 42, unaopendwa tangu zamani, una unene wa milimita 0.06 hivi, na koili moja hula mizunguko kama 5,000. Mashine huzungusha, lakini kwa fundi wa mkono vidole ndivyo vinavyoupeleka waya huku na huku. Ukikazwa mno unakatika; ukilegezwa, koili huja kupiga mluzi siku amplifaya ikifunguliwa sana.

Mimi namhusudu zaidi fundi anayejua pa kuachia. Kuongeza mizunguko si kazi: umeme unaotoka unazidi, na mnunuzi hupenda nguvu. Ila mizunguko hiyohiyo hufifisha sauti za juu na kuvimbisha za kati.

Gitaa la nyuzi sita hustahimili hayo. La nyuzi saba halitaki mchezo. Uzi wa saba kwa kawaida hukazwa kwenye noti ya B, hezi 62 hivi, wakati E nene ya gitaa la kawaida ni 82. Huko chini, pikapu yenye nguvu nyingi huifanya sauti kuwa tope.

Nguvu hizo zilikuwa na sababu yake. Pikapu ya koili mbili za kufuta mvumo, ambayo Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, ilikuwa ya wastani: ukinzani wake, unaopanda mizunguko inapozidi, ulikuwa kiloomu 8 hivi. Amplifaya za zama zile zilihitaji kusukumwa ndipo zingurume, na kampuni ya DiMarzio ikaleta pikapu kali ya Super Distortion mwaka 1972, yenye sumaku ya kauri. Mpiga gitaa Steve Vai na kampuni ya Ibanez walipotoa gitaa la Universe la nyuzi saba mwaka 1990, na bendi ya Korn ikalipeleka kwenye muziki mzito zaidi, wengi waliona uzi mzito unadai pikapu kali. Leo amplifaya zina ngurumo ya kumwaga. Hazihitaji kusukumwa tena.

Washa distoshoni, piga uzi wa saba na wa nne kwa pamoja. Pikapu kali hukupa bonge moja. Ile ya wastani inakusikilizisha kwanza ncha ya plektra ikigusa chuma, kisha noti mbili, kila moja na mahali pake. Punguza volyumu ya gitaa hadi nusu: ngurumo inapungua, uangavu unabaki kwa kiasi kikubwa.

Usichague kwa kiloomu peke yake, maana waya mwembamba zaidi, namba 43 au 44, hupandisha ukinzani bila kuongeza mzunguko hata mmoja. Uliza aina ya waya na sumaku. Sumaku ya aliniko 2 ni laini na tamu, lakini kwa nyuzi saba ningechukua aliniko 5, inayoushika uzi mnene bila kuuachia ulegee. Ukishaifunga pikapu, ishushe kidogo kwa skrubu upande wa uzi wa saba.

Siku ya kwanza pikapu ya wastani utaiona dhaifu, kwa sababu sikio hudhani kikubwa ndicho kizuri. Ongeza amplifaya mpaka hiyo na ile kali zilingane kwa ukubwa wa sauti, ndipo uzilinganishe.