Mpaka bendera ilale: jinsi Carnivore inavyokulisha

Katikati ya kila meza ya Carnivore, kwenye barabara ya Langata jijini Nairobi, pana sinia la kuzunguka lenye ghorofa mbili, limejaa michuzi na kachumbari za kila namna. Juu yake kabisa kimesimama kibendera cha karatasi. Kikiwa wima, wakataji nyama wanakuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sime yake iliyochomekwa pande la nyama. Ukikilaza, umesalimu amri, nao wanakupita. Hakuna kupima kilo wala kuita mhudumu aongeze. Bei ni moja kwa kila kichwa, ale kama ndege au ale kama fisi.

Mgahawa huu ulifunguliwa mwaka 1980 na kundi la Tamarind, lile ambalo watu wa Mombasa wanalijua kwa kambakochi na jahazi la chakula cha jioni. Mwaka 2002, jarida la Uingereza liitwalo Restaurant lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya migahawa 50 bora duniani, Carnivore ilikuwamo, orodha moja na elBulli ya Uhispania iliyoshika namba moja. Hata hivyo, taja jina hilo mbele ya Wakenya wanne na utapata ugomvi. Mmoja atasema ni pahali pa kupeleka wageni, hakuna mfano wake. Wa pili atasema nyama ni kavu, chumvi imezidi, bei ni ya watalii. Wa tatu amekwenda pale mara nyingi kucheza muziki kwenye ukumbi wake wa Simba Saloon na hajawahi kukalia meza ya nyama hata siku moja. Wa nne hali nyama, naye atawashangaza wote kwa kuwaambia kwamba kuna menyu yake na ni nzuri.

Ugomvi huu hauishi kwa sababu wanaogombana hawaonji kitu kimoja. Carnivore haikubuniwa kama jiko linalopika vyakula. Ilibuniwa kama mtambo wa kugawa nyama nyingi, za aina nyingi, kwa watu wengi, kwa mfululizo. Sifa zake zinatokana na mtambo huo, na karibu kasoro zake zote zinatokana na mtambo huohuo.

Tuanze na moto. Chomeo ni la duara, kubwa, la makaa, na limewekwa karibu na mlango ili usifike mezani kabla hujalipita. Hapo tayari umeshaanza kula kwa macho na pua. Kuzunguka makaa hayo zimepangwa sime za Kimaasai zenye mapaja, mbavu, kuku na soseji. Makaa yaliyokolea hayana ndimi za moto. Joto lake husafiri moja kwa moja hadi kwenye uso wa nyama, uso unakauka, na ukishakauka unaanza kuwa wa kahawia. Mabadiliko hayo ya rangi na harufu yalielezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard: protini na sukari zikikutana kwenye joto kali pasipo maji mengi, huzaa mamia ya ladha ambazo hazikuwamo kwenye nyama mbichi. Nyama ya kuchemsha haina ladha hizo kwa kuwa maji hayavuki nyuzijoto 100, na kazi ya Maillard inataka zaidi ya hapo ili iende kwa kasi.

Pande kubwa la nyama kwenye sime haliivi kwa pamoja. Linaiva kuanzia nje kuingia ndani. Mkataji anakuja nalo mezani, analisimamisha kwenye sahani yako, anakata vipande vyembamba kutoka kwenye uso ulioiva, kisha sime inarudi motoni ili uso mpya uive. Ni hesabu ileile ya shawarma. Kwa njia hii pande moja la kilo kadhaa linaweza kuanza kuliwa kabla katikati yake hakujaiva, na kila meza ipate sehemu yenye rangi.

Hapo ndipo lalamiko la chumvi linapopata maelezo. Chumvi ya nyama ya kuchoma hukaa juu, haizami sana. Nyama ya mbuzi ya Kenyatta Market, soko la hapohapo Nairobi, inakatwakatwa kwenye ubao mbele yako, kila kipande kikiwa na nje kidogo na ndani kwingi, na chumvi inamwagwa pembeni ili uchovye mwenyewe. Pale Langata, mkataji anakupa uso tu. Umekula ngozi ya nyama bila mwili wake. Mpishi anaweza kutia chumvi kiasi kilekile ambacho angetia mwenzake wa sokoni, na mlaji wa Langata bado akapiga glasi mbili za maji zaidi. Anayesema pana chumvi nyingi hadanganyi, ila dawa yake si kumwambia mpishi apunguze. Mwombe mkataji kipande kinene. Wakataji wa pale hawakatai, ila usipoomba hawakupi, na sababu ya hilo nitaifikia.

Ukavu nao una chanzo chake. Kati ya chomeo na meza ya mwisho ukumbini pana mwendo, na sime inayobeba nyama inasimama kwenye kila meza ambayo bendera yake bado imesimama. Kila kipande kinachokatwa kinafungua uso mpya kwa upepo, na kila dakika nje ya moto inatoa mvuke. Meza ya kwanza inapata maji ya nyama, ya mwisho inapata hadithi yake. Watu wawili wanaweza kula kutoka paja moja, usiku mmoja, wakaondoka na hukumu mbili, na wote wakawa wakweli. Mkahawa wa kawaida hauna tatizo hili, kwa sababu kila sahani inatoka jikoni ikiwa na mwenyewe.

Sasa nyama zenyewe. Jina la Carnivore lilipaa kwa wanyama wa porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini baadaye mashamba binafsi kadhaa yaliruhusiwa kuvuna idadi fulani ya wanyama, na nyama hiyo ikapata njia ya halali hadi mezani. Mtalii aliyetoka Maasai Mara asubuhi akiwa na picha za pundamilia na kongoni aliweza jioni kuwaonja, uwanja wa ndege wa Wilson ukiwa hapo jirani. Wapo waliokuja kwa ajili hiyo tu, na wapo waliogoma kukanyaga pale kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2004 uuzaji wa nyama pori ukakatazwa kabisa. Kilichobaki ni kinachofugwa kisheria: mbuni na mamba.

Wengi walidhani hapo ndipo mgahawa utakapokufa. Mimi naona marufuku ile iliupunguzia mzigo. Mnyama wa porini anakimbia maisha yake yote na hana mafuta ya kutosha kati ya nyuzi za misuli yake. Mafuta hayo ndiyo yanayomhifadhi ng'ombe na kondoo juu ya makaa: yanayeyuka, yanalainisha, yanampa mpishi dakika chache za kusamehewa. Pundamilia hasamehe. Akivuka kiwango kidogo tu anakuwa kamba, na kwenye mtambo ambao nyama inarudi motoni tena na tena, kuvuka ni lazima. Nyama iliyouza jina la mgahawa ndiyo ambayo mtambo wake uliipika vibaya kuliko zote.

Jiko lenyewe linaonekana kulijua jambo hili, na ushahidi ni mbuni. Mbuni ni nyama nyekundu isiyo na mafuta, kwa hiyo Carnivore humleta kama madonge ya nyama ya kusaga. Ukisaga umekata nyuzi ndefu ambazo zingekaza, na unaweza kuongeza viungo na unyevu ndani. Huo ni upishi wa akili. Mamba hakupata bahati hiyo. Anakuja kama vipande vyeupe vya kutafuna, na kama sinia lisingekuwa na mchuzi wa kitunguu saumu sijui angekumbukwa kwa lipi zaidi ya kuwa mamba. Watu humla ili waseme wamemla. Linganisha na mbavu za nguruwe au paja la kondoo, nyama ambazo kila bucha linazo: hizo zina mafuta na tishu za kolajeni, ambazo zikikaa motoni kwa subira hugeuka jelatini na kulainika. Ndizo nyama bora za usiku mzima pale, na hakuna anayepanda ndege kuzifuata.

Kuna Carnivore nyingine, nje kidogo ya Johannesburg. Sime ni zilezile, chomeo ni lilelile, na bendera inalazwa vilevile, ila Afrika Kusini sheria inaruhusu nyama pori, kwa hiyo kule pundamilia na swala bado wanazunguka. Mtambo umehama nchi bila kubadilika, ukibadilisha tu kinachochomekwa.

Hesabu ya tumbo ndiyo sehemu ya werevu zaidi. Mgahawa unaotoza bei moja unaishi kwa kubashiri utakula kiasi gani. Mwanzo kabisa huja supu na mkate, kisha viazi. Baadaye soseji, maini, mabawa ya kuku. Mapande ya ng'ombe na kondoo yanafuata tumbo likiwa limeshapokea wageni wengi. Tumbo huchukua muda kupeleka habari kichwani kwamba limeshiba, aghalabu dakika 20 hivi, na mpangilio huo unahakikisha habari inafika wakati nyama ya gharama ndiyo kwanza inatoka motoni. Wenyeji wa pale hawagusi mkate.

Lakini mtambo una adui ndani yake. Mwaka 1981 mtafiti Barbara Rolls na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliopewa sandwichi za vijazo vinne tofauti walikula karibu theluthi moja zaidi ya waliopewa za aina moja. Ulimi huchoka na ladha moja, si na kula. Ladha ikibadilika, hamu inaamka upya. Carnivore inauza aina nyingi, na aina nyingi ndizo zinazomfanya mlaji asilaze bendera. Juu ya hapo wameongeza michuzi ya sinia, wa mnanaa kwa kondoo, wa matunda, wa pilipili, ambayo nayo inazidisha aina.

Anayepatanisha pande hizo mbili ni kisu cha mkataji. Kipande kikiwa chembamba, mlaji anapata ladha nyingi kwa nyama kidogo, anafurahi, na gharama inatulia. Ndiyo maana hupewi kinene usipoomba. Sioni udanganyifu hapo. Mhudumu wa biriani naye anajua kupanga wali juu ya nyama. Ila ni vema mlaji ajue kwamba wembamba ule haukutokana na adabu ya mkono wa mkataji.

Mezani pana kitu kimoja tu ambacho mteja anakiendesha mwenyewe, nacho ni dawa, kinywaji cha vodka, ndimu na barafu kinacholetwa na kijiti kilichopakwa asali. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, nchi ambayo pia ina desturi ya wahudumu kuzunguka na nyama kwenye vyuma mpaka mlaji aseme basi. Asali haiyeyuki upesi kwenye ubaridi. Mafunda ya kwanza yanakuwa makali na machachu, na kadiri unavyoponda ndimu na kukoroga kwa kijiti ndivyo utamu unavyoongezeka. Kila mtu anasimama pale anapopataka. Wanaoidharau nyama ya Carnivore sijawasikia wakiidharau dawa, na nadhani sababu ni hiyo.

Kwa maana Mkenya anayekwenda Kikopey, kwenye barabara ya Nakuru, anaanza kwa kuchagua. Anatazama mapaja yaliyotundikwa, anabishana kuhusu mafuta, anapimiwa kilo, kisha anasubiri. Kusubiri huko kuna mazungumzo yake, mutura wa kupozea njaa, na mtu wa kutumwa aende kuangalia kama mbuzi ameiva. Nyama ikija ni yake, ameichagua, na ikiwa ngumu lawama anaijua pa kuipeleka. Carnivore imeondoa kuchagua, imeondoa kusubiri, imeondoa hata kuuliza bei. Kwa mgeni aliyetoka safarini amechoka, hiyo ni huduma. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyama choma, ni kama ameitwa harusini akaambiwa akae kwenye kiti chake na asisimame.

Ningekuwa na sauti jikoni pale, ningeleta mamba mapema, ulimi ukiwa bado mpya na una udadisi, na ningeweka kibakuli cha chumvi kando ya kila sahani ili nyama yenyewe itiwe kidogo. Mkate ningeuacha palepale, kwani biashara ni biashara. Vilevile kitinda mlo na kahawa, ambavyo vimo ndani ya bei uliyolipa, na huletwa wakati ambao wengi mezani hawawezi tena hata kukitazama kijiko.