Kota Hulimwa Kiangazi

Muulize mkulima yeyote wa kando ya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, anapanda lini, atakujibu: mwezi wa kumi na moja, mvua ikishashika. Kwa mahindi jibu hilo linatosha. Kwa kota, mtama ule wa bua tamu ambao watoto huumenya kwa meno na kuufyonza njia nzima kutoka shambani, jibu hilo limechelewa miezi sita. Kazi ya kota huanza shamba likiwa tupu, mavuno yameshaingia, jembe limeanza kugonga udongo mgumu na moshi wa kwanza wa mioto ya porini umeonekana upande wa Kambove. Hapo ndipo mkulima anapoamua kama bua la mwakani litakuwa na sukari au litakuwa kuni.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni kuifunika ardhi na kuilisha: kutandaza mabua, nyasi na majani, kukusanya samadi, kuozesha mboji. Si ufundi wa kujionyesha. Hauna mashine, hauna sherehe, na anayeufanya vizuri huonekana kwa majirani kama mtu mvivu aliyeshindwa kusafisha shamba lake.

Likasi ni mahali pagumu pa kuusifia, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa kwa kuchimba. Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, na mpaka leo watu wa mbali wanaujua kwa vitu vilivyotoka chini: shaba na kobalti, na urani ya Shinkolobwe iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kisha mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikapunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Katanga, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika mitaa ya mji kama Panda na Kikula, wanaume waliozoea king'ora cha kiwanda wakajikuta wanawafuata wake zao mashambani, ambako wamama hao walikuwa siku zote. Gavana Moïse Katumbi, aliyeongoza mkoa kuanzia 2007 hadi 2015, aliziagiza kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Zikalima mahindi. Ilieleweka: bukari, yaani ugali, ni mahindi, na siasa ya Katanga ni bei ya unga. Lakini kabla mahindi hayajatawala, nguzo ya chakula cha Wasanga na Walamba ilikuwa masaka, yaani mtama, na kota ni ndugu yake wa tumbo moja aliyeamua kuweka mali yake ndani ya bua badala ya kuimwaga yote kwenye suke.

Udongo wa nyanda hizi, zilizo mita 1,300 hivi juu ya bahari, ni mwekundu, mkongwe na umechoshwa na maji. Mvua ya mwaka inakaribia milimita 1,200, na karibu yote hushuka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne. Miezi inayobaki ni jua na vumbi. Kwa maelfu ya miaka mvua hiyo imesomba chokaa na potasiamu kwenda chini, ikaacha chuma na alumini. Udongo ukawa mchachu, na hata fosforasi kidogo iliyomo huikamata isiufikie mzizi. Akiba inayosalia iko katika sentimita chache za juu, ndani ya majani yaliyooza. Choma majani hayo, au acha matone ya mvua ya kwanza yaipige ardhi iliyo uchi, na akiba yote inateremka kuelekea Lufira bila kurudi. Mkulima wa nchi yenye udongo mweusi wa volkano anaweza kumudu uzembe huo kwa miaka kadhaa. Wa Likasi hawezi hata kwa miwili.

Mwalimu wa kwanza wa kazi hii ni mchwa. Vichuguu vya Katanga, vile vikubwa vya mchwa aina ya Macrotermes falciger, hufika mita nane kwenda juu na mita kumi na tano kwa upana, na katika vile vilivyopimwa umri karibu na Lubumbashi kipo chenye zaidi ya miaka 2,000. Mdudu huyu hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na hukusanya majani makavu ya msitu wa miombo ili kulisha kuvu anaoufuga ndani. Baada ya karne nyingi kichuguu chake kina chokaa ambayo shamba la jirani halina. Wakulima wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hupanda juu ya vichuguu. Wengine siku hizi hukivunja kichuguu na kuumwaga udongo wake shambani. Ni mbolea nzuri, sibishi. Ila naona ni kula kwa misimu michache urithi wa miaka elfu mbili, wakati tungeweza kumwiga mwenye urithi huo: kukusanya makapi, kuyaleta nyumbani, kuyaacha yaoze.

Sasa kazi yenyewe. Nyasi ndefu za porini hukatwa mwezi wa nne, kabla mbegu zake hazijapukutika. Anayengoja mpaka mwezi wa saba anabeba kichwani magugu ya mwaka kesho. Mabua ya mahindi na ya mtama hayarundikwi mara moja, kwa sababu ndani yake hulala funza wa mabua, wakisubiri mvua waamke wakatoboe mimea mipya. Funza hao ndio sababu ya haki pekee ambayo wachomaji wanayo. Dawa yake lakini si moto: mabua hukatwa na kulazwa chini, utandu mwembamba, kwa majuma manne hivi, jua la kiangazi liwaunguze waliomo. Baada ya hapo hukatwakatwa na kutandazwa. Maganda na majani ya karanga na maharage huwekwa kando, yasichanganywe ovyo, kwa kuwa yana kazi yao maalumu.

Anayeanza hufunika shamba lote kwa mabua matupu, kisha anashangaa mtama wake unakuwa wa njano mwezi wa kumi na mbili. Mabua makavu yana kaboni nyingi mno, sehemu 60 au zaidi kwa sehemu moja ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni, na visipoikuta ndani ya mabua vinaichukua kwenye udongo, mbele ya mzizi wa mtama. Kwa hiyo fundi huvipa chakula laini pamoja na kigumu: majani ya karanga, mavi ya mbuzi, mbolea ya kuku, na hasa alizeti pori, ule mmea wa maua ya njano unaojiotea kando ya njia bila kuombwa. Watafiti wa magharibi mwa Kenya waliupima katika miaka ya 1990, wakakuta majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama asilimia 4. Mmea unaodharauliwa kiasi hicho una haki ya kuombwa radhi.

Kina cha matandazo kiwe upana wa kiganja. Pungufu ya hapo, jua linapenya. Zaidi ya hapo, mvua ndogo za mwanzo zinaishia juu bila kuufikia udongo. Mvua ikishashika, mistari hufunguliwa, samadi iliyoiva huwekwa kwenye mfereji, mbegu hufukiwa sentimita tatu hivi, na mstari huachwa wazi. Hapa pana siri ya mtama wenyewe: mabua yake yakioza hutoa kemikali zinazodumaza miche midogo. Kwa magugu ni baraka. Kwa mche wa kota wenye siku kumi ni balaa. Ndiyo maana matandazo hurudishwa karibu na shina mimea ikishafika magotini, na hata hapo huachwa nafasi ya vidole vichache bua lipumue.

Wakulima wa lugha yetu wamejua mambo haya muda mrefu, kila mahali kwa namna yake. Wamatengo wa Mbinga, Tanzania, hukata nyasi, wakazipanga chini kwa miraba mlimani, wakachimba katikati na kuzifukia kwa udongo huo. Yanabaki mashimo ya ngoro yanayoshika maji, na kingo zenye nyasi zinazooza taratibu chini ya maharage. Wahaya, wa Tanzania pia, wamebeba nyasi kutoka rweya, yaani mbuga za nyasi, kwenda kwenye vibanja vyao vya migomba vizazi kwa vizazi, na tofauti ya rangi ya udongo kati ya mahali hapo pawili inaonekana kwa macho. Hata nje ya lugha yetu, huko Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alichimba mashimo ya zaï kiangazi, akayajaza samadi, akawaacha mchwa wayatoboe ili maji yapate njia, kisha akapanda mtama mahali ambapo watu walikuwa wamehama. Walimwita mwendawazimu kwanza. Mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Mkulima wa Likasi anayelalamika kwamba mchwa wanamlia matandazo asikie habari hiyo: wanachokula wanakilipa kwa vitundu.

Kwa nini basi kota, na si mtama wowote? Kwa sababu kota ndiyo inayoumbua kazi mbaya. Mtama wa nafaka ukibanwa na ukame hukunja majani, husubiri, na bado huweza kukupa punje. Sukari ya kota huingia katika bua majuma ya mwisho, suke likishachanua na punje zikigeuka kutoka maziwa kuwa unga. Katika Katanga majuma hayo huangukia mwezi wa tatu na wa nne, mvua inapoaga. Shamba lililo uchi hukauka ghafla, na bua hugeuka sifongo kavu. Lililofunikwa hubakia na unyevu kwa siku kadhaa zaidi, na siku hizo ndizo tofauti kati ya maji matamu na makapi. Juisi ya bua lililokomaa vizuri hubeba sukari ya asilimia 15 hadi 20. Tena kota haipendi naitrojeni ya haraka: mbolea ya viwandani ikizidi, bua hurefuka, huanguka na upepo, na utamu wake hupungua. Mboji hutoa chakula polepole, na mmea huu unaupenda mwendo huo.

Dunia iliwahi kuutamani utamu huu. Mwaka 1857 Mwingereza Leonard Wray alipeleka Marekani mbegu za aina kadhaa za kota alizozipata kwa Wazulu wa Natal, na kwa miongo mingi baadaye wakulima wa huko walikamua shira yao kutoka kwa mmea wa Kiafrika. Huku kwetu hatujajenga kiwanda, na sioni aibu. Juisi ya kota huchachuka upesi ikishakamuliwa. Meno ya mtoto ndicho kinu cha karibu zaidi. Makapi anayoyatema yarudishwe shambani, pamoja na majani yaliyopukuswa. Mbuzi tu wasiachiwe machipukizi mabichi yanayoota kwenye visiki, maana yana sumu inayoweza kuua.

Kuna onyo moja la Likasi ambalo vitabu vya kilimo vya kwingine havina. Nyasi za kutandaza zisitoke karibu na viwanda vya Shituru wala kwenye vilima vya mabaki ya migodi, kwa sababu vumbi lenye shaba na kobalti hukaa juu yake, nawe utakuwa unalibeba kwa mikono yako kulipeleka kwenye chakula cha mtoto. Mahali unapoota ule mmea mdogo wa maua ya zambarau ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, fahamu kwamba chini kuna shaba, na usipande kitu cha kuliwa. Ni kweli mboji hushika shaba na kupunguza ukali wake kwenye mizizi. Haiiondoi.

Adui aliyebaki ni moto, na huyu ndiye anayevunja moyo. Unaweza kukusanya tangu mwezi wa nne, kisha mwezi wa nane mwindaji wa panya akawasha nyasi ng'ambo ya bonde, na kufikia jioni shamba lako limekuwa majivu. Majivu yana chokaa kidogo, ndiyo, lakini mvua mbili tu zinatosha kuyasomba. Njia ya kuzuia moto, hatua tano za ardhi iliyokwanguliwa kuzunguka shamba, ni sehemu ya ufundi sawa na samadi. Ingefaa wenye mashamba yanayopakana waikwangue pamoja, kwa kuwa moto hauulizi mpaka.

Anayetaka kuanza asingoje hekta. Kipande cha hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba kinatosha kujifunzia. Mbegu za kota hazikai dukani pamoja na mahindi chotara kutoka Zambia. Zitafute kwa wamama wanaozihifadhi kwa masuke, yamening'inizwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse. Ziombe mapema, panda kidogo, na ukivuna acha masuke mawili matatu ya kumpa jirani.